Kasha, Bweta na Ulimi: Historia ya Kiungo cha Seremala katika Maneno ya Kiswahili

Historia ya vitu vya mbao ni ngumu kuandikwa. Jiwe hukaa, chungu kikivunjika vigae vyake hudumu ardhini, lakini mbao huliwa na mchwa, huoza kwa unyevu, na aghalabu huishia jikoni kuwa kuni. Hata hivyo yako maneno. Kitu kikisha kupotea, jina lake huweza kubakia midomoni mwa watu kwa karne nyingi, na jina hilo likichunguzwa hueleza kitu kilitoka wapi, nani alikileta, na nani alikifanya kwa mikono yake. Makala hii inakusudia kuchunguza jambo moja dogo katika useremala, yaani namna ya kuunganisha pembe za kisanduku cha mbao bila ya msumari, na kuonyesha kwamba katika jambo hilo dogo yamo mafunzo makubwa juu ya historia ya msamiati wa Kiswahili.

I. Kiungo chenyewe

Kila sanduku lenye pembe nne lina tatizo moja, nalo ni pembe zake. Ubao mmoja ukiegemezwa kwenye mwingine na kupigiliwa misumari, pembe husimama kwa nguvu ya msumari tu; msumari ukishika kutu, au mbao ikisinyaa, pembe huachana. Gundi nayo haisaidii sana hapo, kwani ncha ya ubao, iliyokatwa kukingama nyuzi za mti, huinywa gundi kabla haijashika. Dawa ya maradhi hayo, iliyovumbuliwa tangu zamani za kale, ni kuzifanya mbao zenyewe zishikane.

Njia yake ni hii. Mbao nne zilizokauka sawasawa hupigwa randa mpaka ziwe na unene mmoja, mathalan milimita 12 kwa kisanduku cha kuwekea hati au vipuli. Ncha zake hukatwa zikawa mraba kamili. Kisha huchorwa mstari kuizunguka kila ncha, umbali wake kutoka mwisho wa ubao ukiwa sawa na unene wa ubao utakaokutana nao. Katika ncha ya ubao wa kwanza huchorwa ndimi ambazo ni pana mwishoni na nyembamba shinani. Mwinamo wa ubavu wa ulimi huwa kama 1 kwa 6 katika mbao laini na 1 kwa 8 katika mbao ngumu. Ukizidi, ncha za ulimi huwa dhaifu zikamegeka. Ukipungua, ulimi huchomoka kama msumari uliolegea. Msumeno hupitishwa upande wa taka, yaani nje ya mstari wa ulimi, na mbao iliyo baina ya ndimi huondolewa kwa patasi kutoka uso mmoja hadi nusu ya unene. Halafu ubao hugeuzwa na kumalizwa kutoka uso wa pili, ili usichanike.

Hatua inayofuata ndiyo siri ya kazi yote. Ubao wa pili haupimwi kwa rula. Ndimi zilizokwisha kukatwa hulazwa juu ya ncha yake, na umbo lao huchorwa hapo kwa kisu chembamba. Kisha hukatwa nafasi za kuzipokea ndimi, na baina ya nafasi hizo husalia meno. Kwa hiyo kila ncha hupimwa kwa mwenzake, wala hakuna pembe mbili zinazofanana hasa. Fundi hutia alama kila jozi asije akachanganya. Kiungo kilichokatwa vema huingia kwa kugongwa polepole mara moja, na hakipendi kuingizwa na kutolewa mara nyingi, maana kila mara hulegea kidogo.

Faida yake ni tatu. Kwanza, ndimi huingia kwa njia moja tu. Zikivutwa kwa njia nyingine hazitoki. Ndiyo sababu kiungo hiki hupendwa katika mtoto wa meza, ambaye huvutwa mara elfu kwa uso wake. Pili, bavu za ndimi na meno hukutana kwa upande wa nyuzi, mahali ambapo gundi hushika barabara. Tatu, mbao husinyaa na kuvimba kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu wake. Na kwa kuwa nyuzi za mbao zote nne huzunguka sanduku kwa mkondo mmoja, pande zote hupanda na kushuka pamoja, unyevu wa masika ujapo na ukavu wa kiangazi ufuatapo. Kitako cha sanduku hutiwa katika mfuo bila ya gundi ili nacho kipate nafasi ya kupumua.

II. Majina yake katika lugha mbalimbali

Kiungo hiki kimo katika masanduku na majeneza ya Misri ya kale, nchi ambayo miti mizuri ilikuwa haba hata ikabidi mierezi iletwe kwa merikebu kutoka Lebanoni. Mahali ambapo mbao ni ghali, fundi hujifunza kuzitendea haki. Umbo lilo hilo lilitumiwa na waashi wa Misri na wa Wayunani kushikamanisha mawe. Lakini jambo la kupendeza kwa mtaalamu wa lugha ni kwamba umbo moja limeonwa na macho mbalimbali.

Wayunani waliliita pelekinos, neno linalotokana na jina la shoka. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Kristo, alitumia neno securicula, yaani kishoka. Basi watu wa kale wa bahari ya Kati waliona katika ulimi ule bapa la shoka lililotanuka makalini. Mataifa ya baadaye waliona ndege. Wajerumani husema Schwalbenschwanz, Wafaransa queue d'aronde, Waitaliani coda di rondine, na maana yake yote ni mkia wa mbayuwayu. Warusi, Waturuki na Wachina nao humtaja mbayuwayu. Kadhalika Waajemi, ambao husema dom-e chelcheleh. Wahispania wamemchagua mwewe. Waingereza wakaona njiwa. Na Wajapani hawakuona ndege kabisa: kwao umbo hilo ni ari, yaani sisimizi.

Katika majina hayo yako mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hapana jina lililo la haki kupita mengine: kila watu wamechukua mfano ulio karibu na jicho lao. La pili ni kwamba jina la ndege limeenea kwa jirani hata jirani, toka Ulaya hata Uchina, hata ni vigumu kusema nani alimwiga nani na nani alijionea mwenyewe.

Huko Ulaya kiungo hiki kilienea sana katika karne ya 17, wakati makabati ya watoto wa meza yalipoanza kuchukua mahali pa makasha mazito yaliyopigiliwa misumari. Katika karne ya 19 mashine ikaingia. Mwaka 1867 Charles B. Knapp wa Waterloo, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi kwa mashine ya kuunganisha watoto wa meza. Lakini mashine yake haikuweza kuiga ndimi za mkono, bali ilitoboa nusu-duara zenye vijiti vya mviringo katikati. Kiungo hicho kilitumika miongo michache kikaachwa mashine bora zilipopatikana. Leo wachunguzi wa samani hutambua umri wa meza kwa kuivuta saraka yake na kutazama pembeni. Hivyo ndivyo kiungo kinavyoweza kuwa hati ya historia.

III. Pwani ya Waswahili: kushona, kuunda na kuunga

Yafaa kukumbuka kwamba pwani ya Afrika Mashariki imeingia katika maandishi ya dunia kwa jina la kiungo. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplus, kinautaja mji wa Rhapta na kueleza kwamba umeitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Ushonaji huo ulidumu. Mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo misumari, uliendelea kuundwa katika visiwa vya Lamu hata mwanzo wa karne ya 20. Kwa hiyo wazo la kuunga mbao bila ya chuma halikuwa geni kwa mafundi wa pwani.

Ufundi huo huonekana pia nyumbani. Kiti cha enzi, chenye mapambo ya pembe za ndovu, kiliungwa kwa ndimi na matundu. Marfaa ya kuwekea msahafu huchongwa katika ubao mmoja uliopasuliwa kwa namna ambayo bawaba zake ni mbao zile zile, hata hukunjuka na kukunjika bila ya kiungo cha nje. Bara, watu walikuwa na lindo, chombo cha magome ya mti kilichokunjwa kuwa mviringo na kushonwa, na jina lake linakumbusha kitenzi cha kulinda. Lindo halina pembe, kwa hiyo halina haja ya kiungo cha pembe. Wachongaji wa Kimakonde nao walichimba vikopo vyao vyenye vifuniko katika kipande kimoja cha mti. Basi Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha barabara njia hizi: kuchonga ni kupunguza mti mpaka umbo litokee; kushona ni kufunga kwa uzi; kuunda ni kujenga chombo kwa vipande vingi; na kuunga ni kukutanisha kipande na kipande. Sanduku lenye pembe ni kazi ya kuunda na kuunga.

IV. Matabaka matatu ya msamiati

Maneno ya useremala wa sanduku yakipangwa kwa asili yake, hutokea matabaka matatu ambayo hayakuchanganyika ovyo.

Tabaka la kwanza ni majina ya vyombo vyenyewe. Hapa karibu yote ni ya kigeni. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha ni la Kireno, caixa, na bweta, kisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani, pia ni la Kireno. Wareno walifika pwani mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na kufukuzwa humo mwaka 1698. Wakati huo wa miaka 200 uliacha maneno machache tu, lakini mengi kati ya hayo ni ya vitu vya nyumbani: meza, kasha, bweta, kopo, leso. Hapana la kushangaza. Kasha lilishuka bandarini likiwa kasha tayari, na aliyelinunua alilinunua pamoja na jina lake. Uchunguzi wa Sheila Unwin, aliyechapisha kitabu chake The Arab Chest mwaka 2006, umeonyesha kwamba mengi ya masanduku yenye misumari ya shaba yanayoitwa ya Kiarabu yalitengenezwa Bara Hindi na kuchukuliwa na majahazi katika pwani zote za bahari hii. Mafundi wa Unguja waliyaiga baadaye na kuyaongezea mapambo yao.

Tabaka la pili ni majina ya zana na vifaa. Hapa asili zimechanganyika. Randa ni neno la Kiajemi lililotumika pia Bara Hindi. Msumari na kufuli ni ya Kiarabu. Gundi ni ya Kihindi. Parafujo ni ya Kireno. Lakini shoka na nyundo ni ya Kibantu, maana mhunzi wa Kiafrika alikuwa akifua chuma kabla ya jahazi lolote kutia nanga.

Tabaka la tatu ni majina ya vitendo na ya viungo. Hapa Kiswahili kinasimama kwa miguu yake: kuunga, kuunda, kuchonga, kutoboa, ulimi, tundu, jino, pembe, kitako, mfuo. Mifano yake imechukuliwa katika mwili na katika jamaa. Kipande kinachoingia ni ulimi. Mbao inayosimamisha meza ni mguu. Kisanduku kinachotoka tumboni mwa meza na kurudi ni mtoto wa meza, jina ambalo uzuri wake haupungui kwa kuwa limezoeleka. Angalia tena randa: Waajemi walikuwa na jina la chombo na jina la kiungo, dom-e chelcheleh, pwani ilipokea la kwanza na kuliacha la pili.

Kutokana na haya yaweza kusemwa kanuni: kinachouzwa huja na jina la muuzaji, na kinachotendwa hubaki na jina la mtendaji. Ushahidi mwingine ni mwendo wa maneno katika karne ya 20. Muuzaji alipobadilika, majina ya tabaka la kwanza na la pili yalibadilika pia. Parafujo limepisha skrubu la Kiingereza. Kasha limepata mshindani katika boksi. Bweta sasa husikika zaidi katika vinywa vya wazee na katika tungo. Hata sanduku limeuacha useremala likaenda posta na penye kura. Lakini ulimi ni ulimi, na tundu ni tundu. Utawala ulibadilika, bandari zikabadilika, na maneno ya mkono hayakubadilika.

V. Deni la wanasarufi

Jambo hili lina uzito kwa wataalamu wa lugha kuliko wanavyokumbuka. Sarufi ya Kiswahili, ilipohitaji maneno ya kujieleza, ilibisha hodi karakanani. Muundo wa sentensi watokana na kuunda. Kiunganishi chatokana na kuunga. Kiambishi chatokana na kuambisha, yaani kubandika kitu katika kitu. Hata mtaalamu anaposema juu ya uundaji wa istilahi, neno lake la kwanza ni la fundi wa vyombo. Wanasarufi wamekopa mengi kwa mafundi. Waliyowalipa ni machache.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kazi za Kamati ziliingia katika chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, na likatoa orodha za tafsiri sanifu za istilahi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya chuo hicho ikachapishwa mwaka 1981. Kazi hizo ni za kusifiwa. Lakini njia iliyozoeleka katika kuunda istilahi imekuwa ni kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kutafuta sawa yake, neno kwa neno. Kwa njia hiyo kiungo kilichoelezwa hapa kitaitwa mkia wa njiwa, kwa sababu tu Mwingereza alimwona njiwa.

Hapana dhambi katika tafsiri hiyo. Hata hivyo ina hasara mbili. Kwanza, haiongozi jicho. Mkia wa njiwa wa pwani hautanuki ila anaporuka au anapotua. Kijana aliyemwona akidonoa mtama uani hataona ulimi wa mbao. Mkia wa samaki ungemwonyesha zaidi, na bapa la shoka ungemwonyesha zaidi bado, kama ulivyowaonyesha Wayunani. Pili, tafsiri hutaja upande mmoja tu. Kiungo kina pande mbili, ule ulio na ndimi na ule ulio na meno, na fundi anahitaji jina kwa kila mmoja, maana akikosea ni upande upi uwe mbele, mtoto wa meza atabaki na uso wake mkononi mwa mvutaji. Kiswahili tayari kina ulimi na jino. Kinachohitajika ni kuongeza sifa tu: ulimi mnyofu kwa ule wa kawaida, na ulimi wa shoka, au ulimi wa samaki, kwa huu unaotanuka.

Yawezekana mtu akauliza, kuna ubaya gani fundi akitumia neno la Kiingereza alilolipata chuoni, kama zamani alivyotumia randa la Kiajemi na kasha la Kireno? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika matabaka matatu. Kasha na randa yaliingia kama majina ya vitu. Hayakugusa ufahamu wa kazi. Lakini kijana akifundishwa kitendo na kiungo kwa lugha ambayo haitumii kufikiria, hulikariri jina na kuukosa mfano uliomo ndani yake. Kwake jina si picha tena, ni sauti tu. Na tangu mwaka 1994, Tanzania ilipotunga sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, idadi ya vijana wanaojifunza ufundi kwa vitabu pamoja na mkono imezidi kuwa jambo la kufikiriwa. Mzee hufundisha kwa kuonyesha. Kitabu hufundisha kwa kutaja. Kitabu kikitaja vibaya, hakuna mkono wa kusahihisha.

VI. Njia iliyo mbele

Kazi inayofuata si ya mezani. Kabla ya kamati yoyote kuketi na kupitisha jina, yafaa wachunguzi waende kwa mafundi wa masanduku na milango wa Unguja na Lamu, kwa waunda majahazi wa pwani yote, kwa maseremala wa mninga na mvule katika miji ya bara, wasikilize kila kiungo kinaitwaje na mwenye kukikata. Maneno yatakayopatikana yaandikwe pamoja na picha ya kitu, mahali na umri wa msemaji. Penye majina mawili, yaandikwe yote mawili. Pasipo na jina, ndipo kamati iunde, na iunde kwa miti iliyopo, yaani kwa ulimi, jino, tundu, shoka na mkia.

Seremala akitaka ubao wa pili ushikane na wa kwanza, haupimi kwa rula iliyoletwa kutoka mbali. Huulaza juu ya mwenzake na kufuata umbo lake. Istilahi nayo ipimwe vivyo hivyo, kwa lugha ambayo itakaa ndani yake.